Mtoto ana miezi minne, hedhi haijarudi, na mume yuko njiani kurudi: nitumie njia gani?

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi nina miaka 28, naishi Korogwe, na nina watoto watatu. Mkubwa ana miaka 6, wa pili katimiza miaka 2 juzijuzi, na huyu wa mgongoni ana miezi 4. Mume wangu ni dereva wa malori, anapeleka mizigo Zambia na Kongo. Akiondoka anaweza kukaa wiki tatu, akirudi anakaa siku chache tu. Mimi nauza chakula stendi.

Baada ya mtoto wa kwanza nilichoma sindano za miezi mitatu. Mwanzoni damu ilikuwa inatoka kidogo kidogo bila mpangilio, baadaye ikakata kabisa. Majirani wakaniambia damu chafu inajikusanya tumboni na itaniletea uvimbe. Nikaogopa, nikaacha. Nilipotaka mtoto wa pili nikasubiri kwa muda mrefu, karibu mwaka, mama mkwe akasema sindano zimeniharibu kizazi. Mungu akajalia, akaja. Kutoka hapo sikutumia tena kitu chochote, nikijua kunyonyesha kunatosha, na kabla mtoto hajaachishwa ziwa nikajikuta na mimba ya huyu. Mimba hiyo ilinitesa. Presha ilipanda mwezi wa nane, nikalazwa.

Sasa sijaziona siku zangu tangu nijifungue. Mtoto nimeanza kumpa uji kwa sababu natoka nyumbani alfajiri. Mume akirudi nanunua P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, duka la dawa, nimeshameza mara kadhaa, na nasikia inakausha kizazi. Hedhi yangu kwa kawaida ni nyingi, siku sita hadi saba.

Natamani nipumzike miaka minne hivi, halafu nikijaliwa niongeze mmoja. Rafiki yangu ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi na anakisifu, mwingine anasema kijiti hutembea mwilini hadi moyoni. Kitanzi wanasema kinamchoma mume. Mume wangu mwenyewe nikigusia habari hizi anasema mwanamke anayetafuta uzazi wa mpango ana lake jambo. Mama mkwe anasema watoto ni majaliwa. Naomba uniambie, njia ipi ni bora kuliko zote? Na naweza kuitumia bila mume kujua?

Mama wa Watatu, Korogwe

*

Marhaba mwanangu, na hongera kwa kuwalea hao watatu huku unahangaika na stendi.

Nianze na lisiloweza kungoja. Kwa hali uliyo nayo leo, huna kinga. Kunyonyesha kunazuia mimba, hilo ni kweli, lakini kwa masharti matatu ambayo lazima yawepo yote kwa pamoja: mtoto awe chini ya miezi 6, awe ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi iwe haijarudi. Yakitimia yote, kinga yake inafika asilimia 98. Kwako uji umeshaliondoa sharti moja. Hiyo hedhi ambayo hujaiona isikupe matumaini, maana yai hutoka kwanza na hedhi hufuata baadaye. Mwanamke anaweza kushika mimba ya pili bila kuona damu hata mara moja, na nadhani ndivyo wengi wanavyopata wale watoto wanaoitwa wa bahati mbaya. Kwa hiyo nunua kipimo cha mkojo upime wiki hii, na mpaka utakapopata njia yako, mume akirudi tumieni kondomu.

Kuhusu huo uji, siku utakayokwenda kliniki mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kukamua maziwa na kuyahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko, aliyebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe. Tumbo la miezi 4 halijawa tayari kwa uji. Sikulaumu, najua biashara ya chakula inaanza kabla jogoo hajawika.

P2 haikaushi kizazi, na haidhuru maziwa yako. Ila unaitumia kwa kazi isiyo yake. Dawa ile huchelewesha yai lisitoke, basi. Kama yai lilishatoka kabla hujaimeza, haina cha kuzuia, na kama mimba ilishatunga, haiitoi. Inatakiwa imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kila saa inayopita nguvu yake inapungua. Tena haikulindi kwa tendo la kesho yake. Mume akikaa nyumbani siku nne, kidonge ulichomeza siku ya kwanza hakikuhesabii siku ya tatu. Iweke kwa ajili ya siku kondomu imepasuka.

Sasa nije kwenye sindano, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu naamini safari yako yote iliharibikia hapa.

Ulipochomwa sindano ya kwanza, kuna mtu alikaa na wewe akakueleza kwamba damu itavurugika miezi ya mwanzo na kwamba inaweza kukata kabisa? Kwa jinsi ulivyoandika, sidhani. Sindano ile ina homoni inayofanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba. Hedhi ni ukuta huo unaojengeka kila mwezi kisha unabomoka na kutoka. Usipojengeka, hakuna kinachobomoka, na hakuna kinachotoka. Hakuna damu iliyofichwa popote, wala chafu wala safi. Baada ya mwaka mmoja wa kuchoma sindano, kukosa hedhi ni jambo linalowapata wanawake wengi sana, na kwa mwenye hedhi nzito kama yako lingeweza hata kuwa nafuu, kwa sababu mwili haupotezi damu kila mwezi. Uliacha njia iliyokuwa inafanya kazi yake vizuri, kwa sababu ya maneno ambayo muuguzi angeyamaliza kwa dakika tano. Hili linaniuma. Wanawake wengi wanaoacha uzazi wa mpango wanaacha kwa sababu ya damu, na damu ndiyo inayoelezwa kwa haraka kuliko yote, foleni ikiwa ndefu.

Na ule muda uliosubiri mtoto wa pili? Hiyo nayo ni tabia ya sindano, inajulikana na ilipaswa usomewe siku ile ile. Dawa huchukua muda kutoka mwilini. Kwa wastani mwanamke hushika mimba miezi 10 hivi baada ya sindano yake ya mwisho, na wengine hupita mwaka. Kizazi chako hakikuharibika, na ushahidi upo: umeshazaa wawili tangu hapo. Sindano ina mengine ya kweli pia ambayo sitakuficha, baadhi ya wanawake huongezeka uzito, wengine huumwa kichwa au hubadilika hisia. Lakini kuharibu kizazi, hapana.

Umeuliza njia iliyo bora kuliko zote. Swali hilo huulizwa kila siku dirishani kliniki, na mimi huwa nalirudisha kwa anayeuliza: unataka mtoto mwingine lini, na mabadiliko gani ya mwili unaweza kuishi nayo? Wewe umeshajibu la kwanza mwenyewe, miaka minne, na bado unamtaka mmoja. Basi kufunga kizazi tunakuacha, hiyo ni ya aliyemaliza kabisa. Kalenda nayo tunaiacha, maana huwezi kuhesabu siku za mzunguko ambao haujarudi.

Vidonge vya homoni mbili havikufai kwa sasa. Unanyonyesha mtoto aliye chini ya miezi 6, na presha yako ilipanda kwenye mimba. Mwenye presha ya juu haanzi vidonge hivyo, kwa hiyo hata baadaye usivichukue dukani kabla hujapimwa. Vipo vidonge vya homoni moja kwa mama anayenyonyesha, ila vinataka kumezwa kila siku saa ile ile. Kwa mtu anayewasha moto saa kumi alfajiri na kufunga biashara usiku, nakuonea huruma.

Kitanzi cha shaba ni njia nzuri sana, hakina homoni, hukaa miaka 10 na zaidi, na kikitolewa uwezo wa kuzaa unarudi papo hapo. Kumchoma mume si kweli. Kitanzi kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi na kinachoning'inia ni nyuzi laini. Mume akizihisi, mtoa huduma anazipunguza. Shida ya kwako ni moja: kitanzi cha shaba huongeza damu ya hedhi na maumivu, hasa miezi ya mwanzo, na hedhi yako ni nzito tayari. Kipo kitanzi chenye homoni ambacho hufanya kinyume, hupunguza damu, na kama kituo chako kinacho, kiulizie. Vituo vingi havina.

Kinachobaki ni sindano na kijiti. Kama ningekuwa nimekaa na wewe kwenye benchi, ningekushauri kijiti, na nakupa sababu zangu.

Kati ya wanawake 100 wanaotumia sindano kwa mwaka mmoja, karibu 4 hushika mimba, karibu kila mara kwa sababu ya kuchelewa tarehe. Vidonge ni karibu 7. Kondomu peke yake ni 13, kuchomoa ni 20, na wasiotumia chochote ni 85. Kijiti hakifiki hata mmoja. Tofauti hiyo haitokani na ukali wa dawa. Inatokana na kwamba kijiti hakikudai ukumbuke kitu. Kikishaingia kinafanya kazi ukiwa stendi, ukiwa umelala, mume awe amekuja ghafla au amechelewa Tunduma. Sindano inakudai urudi kliniki kila miezi mitatu, na wewe mwenyewe umeandika jinsi ulivyobanwa.

Vipo vya aina mbili. Kijiti kimoja hukaa miaka 3, vijiti viwili hukaa miaka 5. Kwa miaka minne unayoitaka, vile viwili vinakutosha na kuzidi. Huwekwa upande wa ndani wa mkono wa juu, kwenye mkono usioutumia sana, chini kidogo tu ya ngozi. Unachomwa ganzi, haichukui muda, hakuna mshono. Mkono unaweza kuvilia damu na kuuma siku chache, usibebe sufuria kubwa. Mama anayenyonyesha anaweza kuwekewa, maziwa hayapungui, na historia yako ya presha ya mimba kwa kawaida haikizuii. Lakini wapime presha siku hiyo, usiondoke bila kupimwa. Ukiwekewa, tumieni kondomu siku 7 za kwanza. Na siku ukitaka mtoto, hata ikiwa ni mwaka wa pili, unakwenda wanakitoa, na uwezo wa kushika mimba unarudi bila kukawia kama ilivyokuwa kwa sindano.

Damu itabadilika. Nakwambia sasa ili jirani asije akakuambia kabla yangu. Miezi ya mwanzo unaweza kuona matone kila siku chache, au siku nyingi mfululizo kidogo kidogo, au usione kabisa. Kwa wengi inatulia ndani ya mwaka. Ikikukera, rudi, zipo dawa za kusaidia, hulazimiki kuvumilia wala kukitoa. Ukiona damu nyingi mara mbili ya hedhi yako ya kawaida, usaha kwenye kidonda, maumivu makali ya tumbo la chini, au kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu au mng'aro, siku hiyo hiyo nenda hospitali.

Habari ya kijiti kutembea hadi moyoni imewatisha wengi. Kikiwekwa sawasawa chini ya ngozi hukaa pale pale, na wewe mwenyewe unakigusa kwa vidole. Kiguse kabla hujainuka kwenye kiti, mtoa huduma akiwa bado mbele yako. Shida hutokea mara chache sana, pale kinapozamishwa ndani mno kwenye nyama. Kwa hiyo ukifika waulize nani anaweka na ana mafunzo, na uulize pia kama pale pale wanatoa. Kuna vituo vinavyoweka siku za kampeni halafu mama akitaka kukitoa anazungushwa. Hiyo si haki. Kukitoa ni haki yako siku yoyote utakayotaka, hulazimiki kutoa sababu.

Kwa wengine mnaosoma barua hii: kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa, au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye efavirenzi, mwambie mtoa huduma kabla ya kuwekewa kijiti au kupewa vidonge, kwa kuwa zinapunguza nguvu yake. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi.

Sasa mume. Mtu mzima hupewa huduma hii kwa ridhaa yake mwenyewe, na muuguzi anayekudai saini ya mume ili akuwekee kijiti anakuzidishia. Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo, unaweza. Kama nyumbani kwako kuna kipigo au vitisho, ningekuambia uchague sindano, haiachi kitu cha kushikwa mkononi, na uache kadi kliniki. Lakini barua yako hainionyeshi mume mkatili. Inanionyesha mume mwenye wivu anayekaa mbali na nyumbani, na kijiti mkononi atakigusa siku moja. Akikigundua mwenyewe, lile neno lake la "ana lake jambo" litakuwa limepata ushahidi.

Mwambie, mwanangu, na usianze na habari ya uzazi wa mpango. Anza na wodi. Mkumbushe siku presha ilipopanda, alivyokuwa roho juu. Mwambie Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua hadi kushika mimba nyingine, kwa kuwa mwili wa mama unahitaji kurudisha damu na nguvu, na mimba zinazofuatana huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti. Wewe ulipumzika miezi 11 hivi. Aliyewahi kupata presha kwenye mimba anaweza kuipata tena kwenye inayofuata, hata baada ya kupumzika, ndiyo maana mimba hiyo ya nne utaianzia kliniki mapema. Mwalike aje kliniki siku yupo nyumbani. Wanaume wengi huwa wakali kwa sababu habari wanazipata vijiweni tu, na akikaa mbele ya muuguzi akauliza maswali yake mwenyewe, mara nyingi hutoka mtu mwingine. Na hilo neno lake, mjibu kwa upole lakini mjibu: unatafuta njia kwa sababu yeye anarudi nyumbani, si kwa sababu anaondoka.

Kuna jambo moja nalisema kwa heshima yake na yako. Kijiti, sindano na kitanzi havizuii virusi vya UKIMWI wala magonjwa ya zinaa. Kondomu tu ndiyo inayozuia. Mpimwe wote wawili siku mtakayokwenda pamoja, kama mlivyopimwa kwenye mimba, bila kumtuhumu mtu.

Mama mkwe usishindane naye. Kama hoja yake ni dini, mumeo na amuulize shehe au padri wenu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu mume na mke kupishanisha watoto kwa kuridhiana, wakirejea habari ya azli, yaani kuchomoa, na Kanisa Katoliki linakubali njia za asili peke yake. Mkishajua msimamo wa dini yenu mtaamua nyinyi. Kama hoja yake ni kizazi kuharibika, muonyeshe huyo wa mgongoni.

Siku ya kliniki ya mtoto ikifika, usikae tu kwenye foleni ya kupima uzito. Waambie unataka uzazi wa mpango. Kwenye vituo vya serikali huduma hii hutolewa bure. Wape habari hizi nne bila kungoja kuulizwa: unanyonyesha mtoto wa miezi 4 na umeshampa uji, presha ilipanda kwenye mimba, hedhi yako ni nzito, na umemeza P2 karibuni, ukitaja tarehe. Wakisema vijiti vimeisha, usirudi nyumbani mikono mitupu, chukua sindano moja na kondomu za kuanzia wiki ya kwanza, kisha urudi vikifika. Na kadi watakayokupa itakuwa na tarehe ya kutoa kijiti. Ipige picha kwa simu yako, na umtumie na rafiki yako mwenye kijiti, kwa sababu kadi hupotea na miaka mitano ni mingi.